Kwa Nini Betri ya Sola Hufa Mapema

Mkulima, kama unakaa huku juu Bahati, upande wa Dundori au Wanyororo au Kabatini, na nguzo za stima bado hazijafika shambani kwako, yawezekana unayo paneli ya sola juu ya mabati na betri moja ndani ya nyumba. Ulivinunua kwa fedha za maziwa au za viazi. Mwaka wa kwanza taa ziliwaka vizuri. Watoto walisoma usiku, nawe ulikamua saa kumi na moja za alfajiri bila kubeba taa ya mafuta mkononi. Kisha taa zikaanza kuzimika saa tatu za usiku, halafu saa mbili, na mwisho ukarudi mjini Nakuru kununua betri nyingine.

Watu wengi husema kwamba betri ile ilikuwa mbovu tangu dukani. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi betri ilitoka dukani ikiwa nzima, nayo ikafia nyumbani. Tena haikufa kwa sababu ya kazi nyingi. Ilikufa kwa njaa, maana siku baada ya siku haikujazwa mpaka juu. Jambo hili halielezwi sana na wanaouza vitu vya sola, kwa hiyo twataka kulieleza hapa pole pole, maana betri ndicho kitu kinachokula fedha zako mara kwa mara. Paneli nzuri yaweza kukaa miaka 20 na zaidi. Betri ikitunzwa vibaya haimalizi miwili.

Betri iliyozibwa ni ya namna gani

Betri za risasi ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile yenye vifuniko sita juu, ambayo mwenyewe huiongeza maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Namna ya pili ni ile iliyozibwa. Haina vifuniko vya kufungua, wala haiongezwi kitu. Wengine huiita betri kavu, lakini si kavu kabisa. Asidi imo ndani, ila imenywewa na kitambaa cha nyuzi za kioo, au imefanywa nzito kama uji. Ndiyo sababu betri hii ikilala upande haimwagiki. Yafaa sana nyumbani penye watoto, nasi hatuna neno juu yake. Ila ina tabia zake, na asiyezijua atapata hasara.

Ndani ya betri ya volti 12 mna vyumba sita, kila chumba volti mbili. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi na asidi. Unapowasha taa, asidi huingia katika mabamba na kufanya juu yake chumvi nyeupe. Unapochaji, chumvi hiyo huyeyuka na asidi hurudi mahali pake. Basi hapa ndipo penye siri yote. Chumvi ile ikiwa mpya ni laini, hutoka upesi. Ikikaa siku nyingi hugandamana ikawa ngumu, na sola haiwezi tena kuiondoa. Kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na chumvi ngumu ni sehemu iliyokufa. Betri ya ampea-saa 40 huwa kama ya 30, kisha kama ya 15, ingawa kwa macho ni ile ile.

Kwa hiyo betri inayokaa nusu majuma mengi hufa, hata kama haikutumiwa kwa nguvu. Iliyo tupu kabisa hufa upesi zaidi.

Kujaza betri ni kama kujaza gunia

Kila mkulima amejaza gunia la mahindi. Debe za kwanza huingia upesi. Lakini ukitaka gunia lijae kweli, yakubidi mwisho kulitikisa na kushindilia, na debe la mwisho huchukua muda kuliko mawili ya mwanzo. Betri iko hivyo hivyo. Sehemu nne katika tano huingia upesi jua likiwa kali. Sehemu ya tano, ile ya juu, yaweza kutaka saa tatu, nne au zaidi, na haiharakishwi kwa nguvu.

Kazi hii hufanywa na kontrola, yaani kile kisanduku kidogo kati ya paneli na betri. Asubuhi kontrola huiacha paneli ipeleke umeme wake wote, na volti za betri hupanda kidogo kidogo. Zikifika kama 14.4 (tunasema juu ya betri ya volti 12 iliyozibwa, mahali pasipo na baridi wala joto kali), kontrola hushika hapo hapo. Haiziachi zipande tena, na umeme unaoingia huanza kupungua wenyewe. Huo ndio wakati wa kushindilia gunia. Betri ikisha kujaa, kontrola hushusha volti mpaka kama 13.6, nayo betri hukaa hapo mpaka jioni.

Volti hizo ni za kawaida tu. Betri nyingine, hasa zile zenye asidi nzito kama uji, hutaka pungufu kidogo, kama 14.1. Namba yenyewe huandikwa ubavuni mwa betri au katika karatasi yake. Isome kabla ya kuitupa karatasi.

Kwa nini isizidi hapo? Volti zikizidi, maji yaliyomo ndani huanza kugeuka hewa. Betri iliyozibwa imefanywa kwa akili: hewa kidogo ikitokea huzunguka ndani na kurudi kuwa maji. Lakini ikitokea nyingi kwa ghafula, kilango kidogo hufunguka na hewa hutoka nje. Maji hayo yamekwenda. Katika betri yenye vifuniko ungeongeza mengine. Katika hii huwezi, na anayekuambia kwamba atatoboa kifuniko na kutia maji anataka fedha zako. Ndiyo sababu pia usiunge paneli moja kwa moja na betri bila kontrola. Paneli ya kawaida ya betri ya volti 12 hufika volti 20 na zaidi ikiwa haina mzigo, na siku ya jua itaichemsha betri.

Kontrola nyingi zina mahali pa kuchagua namna ya betri: yenye maji, iliyozibwa, au ya lithiamu. Fundi akiisha kufunga, mwambie akuonyeshe amechagua ipi. Ikiwekwa kwa betri yenye maji, baadhi yake huipandisha betri mpaka karibu volti 15 mara moja kwa mwezi ili kuikoroga. Kwa betri yenye vifuniko hiyo ni dawa. Kwa iliyozibwa ni sumu.

Hesabu ya nyumba moja

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno haya ni hewa. Tuseme mkulima ana paneli ya wati 60 na betri ya ampea-saa 40. Ana taa nne za wati 3, naye huziwasha saa nne kila usiku: hiyo ni wati-saa 48. Alfajiri taa moja ya zizini huwaka saa mbili: 6. Redio ya wati 3 kwa saa tano: 15. Simu mbili: kama 16. Jumla ni wati-saa 85. Ukigawa kwa volti 12 wapata kama ampea-saa 7. Lakini betri hairudishi yote unayoitia. Kwa kutoa 7 yafaa kurudisha kama 9.

Paneli ya wati 60 hutoa ampea 3 na kitu jua likiwa kali. Kwa siku njema, ukiondoa vumbi na joto na asubuhi yenye ukungu, tuseme yapata ampea-saa 12. Mahitaji ni 9. Basi betri hujaa alasiri, tena hupata muda wa kushindiliwa. Nyumba hii iko salama.

Lakini wajua hali ya hewa ya kwetu. Mwezi wa saba na wa nane mawingu hushuka kutoka msitu wa Dundori, na huenda usilione jua mpaka saa sita. Siku kama hizo paneli ile yaweza kutoa nusu tu, ampea-saa 6. Kila siku betri hupungukiwa na 3. Siku saba zikipita ni 21, yaani nusu ya betri. Mwenye busara, katika juma kama hilo, atazima taa mbili na kupunguza redio. Jua likirudi siku mbili tatu, betri hujaa tena na hakuna hasara kubwa.

Sasa tuseme mkulima huyo ameleta televisheni ndogo ya wati 20, nayo huwashwa saa nne kila usiku. Hiyo peke yake ni wati-saa 80. Jumla huwa 165, karibu ampea-saa 14, na kurudisha ni kama 17. Paneli yake hutoa 12 siku ya jua kali. Tazama vizuri: hata siku iliyo njema kuliko zote betri hii haijai. Siku ya nne iko nusu. Tangu hapo huishi chini, chumvi ikigandamana kila siku, na baada ya miezi kadhaa imekwisha.

Mwenyewe hufanya nini? Huenda dukani kununua betri kubwa zaidi, ya ampea-saa 100. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, nalo twaliona katika boma nyingi. Paneli ni ile ile. Betri kubwa haizai umeme. Ni ghala tu, na ghala kubwa haliongezi magunia. Betri mpya itachukua majuma machache zaidi kufa njaa, na bei yake ilikuwa mara mbili. Kilichotakiwa ni paneli ya pili ya wati 60. Paneli mbili hutoa kama 24 siku ya jua na 12 siku ya mawingu, na betri ile ile ya 40 ingetosha. Hata hivyo paneli nazo zina mpaka wake: betri iliyozibwa isitiwe ampea zaidi ya moja ya tano ya ampea-saa zake, ila kama karatasi yake yaruhusu. Kwa betri ya 40 ni ampea 8. Paneli mbili za wati 60 hazifiki 7. Angalia pia kwamba kontrola yaweza kubeba paneli zote mbili.

Taa nyekundu ya kontrola

Kontrola ina kazi nyingine, nayo ni kuzima taa betri ikishuka sana, kama volti 11.4 hivi. Usiku huo watu hukasirika, hasa kama mchezo wa mpira haujaisha. Ndipo mtu huchukua waya na kuunga televisheni au inveta moja kwa moja katika vichwa vya betri, na picha hurudi. Ajua amemshinda kontrola. Kwa kweli ni kama kumkamua ng'ombe aliyekwisha kauka. Betri iliyoshuka chini ya volti 11 usiku kucha mara chache tu haitarudi kama ilivyokuwa. Taa nyekundu ikiwaka, laleni.

Kama una inveta, zingatia kwamba inveta nyingi hazizimi mpaka volti 10.5 au karibu na hapo, na hiyo ni chini mno kwa desturi ya kila siku. Tena inveta hula umeme hata wakati haina kazi. Izime kwa swichi yake.

Mahali pa kuweka vitu

Hapa wengi wamekosea bila kujua. Betri ikiwa na baridi hutaka volti zaidi ili ijae, na ikiwa na joto hutaka pungufu. Kontrola nzuri hupima joto na kujirekebisha. Lakini hupima wapi? Nyingi hupima mahali ilipo kontrola yenyewe. Basi mtu huipigilia kontrola juu kabisa, chini ya mabati, na betri akaiweka sakafuni katika chumba cha baridi. Mchana mabati huwaka moto, kontrola hufikiri betri nayo ni moto, hushusha volti, na betri haijai kamwe. Weka vyote viwili katika chumba kimoja, ukuta mmoja, kontrola karibu na betri kadiri ya mkono mmoja.

Kuna sababu ya pili ya kuziweka karibu. Kontrola hupima volti katika misumari yake, si ndani ya betri. Waya ikiwa ndefu na nyembamba, volti hupotea njiani. Kontrola huona 14.4 nayo betri ina 14 tu. Waya kati ya hizo mbili iwe fupi na nene, nayo ikazwe vizuri. Fyuzi iwekwe karibu na kichwa cha betri, maana betri hii ndogo, ikigusishwa vichwa vyake viwili kwa spana, yaweza kuchoma mkono na kuwasha nyumba.

Betri isiwe karibu na jiko wala juani. Joto hupunguza maisha yake sana. Isifungiwe katika sanduku lisilopitisha hewa. Wazee husema betri ikikaa juu ya saruji nguvu hunywewa na sakafu. Kwa betri za siku hizi si kweli, ila kipande cha ubao chini yake hakidhuru.

Wakati wa kufunga, unga betri na kontrola kwanza, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kufungua, anza na taa, kisha paneli, na betri iwe ya mwisho. Sheria ya Kenya yataka fundi wa sola awe na leseni ya EPRA. Mwulize akuonyeshe yake.

Paneli nayo itazame. Huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta jua hupita karibu na utosi, basi ulalo kidogo watosha, ili mvua ioshe vumbi. Kivuli ndicho adui. Tawi moja la mkalitusi likifunika pembe moja ya paneli saa nane za mchana, laweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wake, tena katika saa zile zile betri inaposhindiliwa. Mti uliokuwa mdogo ulipofunga sola, leo umefikia wapi?

Kupima kwa mita

Nunua mita ndogo ya volti. Haina gharama kubwa. Pima alfajiri kabla jua halijaigusa paneli, taa zote zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa moja au mbili. Betri iliyozibwa ikionyesha 12.8 imejaa. Ikionyesha 12.5 iko robo tatu au chini kidogo. Ikiwa 12.2 iko nusu au pungufu. Ikiwa 11.8 ni tupu. Lakini wewe hupima alfajiri, baada ya kazi ya usiku, basi 12.5 ni habari njema. Ukiona 12.2 siku tatu mfululizo, punguza matumizi siku hiyo hiyo, usingoje taa nyekundu. Pima tena mara kadhaa tangu adhuhuri mpaka jioni, jua likiwa bado lipo: kama volti hazikufika 14 hata mara moja juma zima, betri yako haijazwi. Andika namba hizo katika daftari ile ile ya maziwa.

Dukani vile vile pima kabla ya kulipa. Betri iliyozibwa iliyokaa rafuni miezi mingi bila kuchajiwa huanza kufa kabla hujaifikisha nyumbani. Ikiwa chini ya 12.6, omba nyingine.

Mawingu yakizidi, waweza kupeleka betri ikachajiwe penye stima, kama watu walivyofanya zamani kabla ya sola, walipobeba betri za redio na televisheni mpaka mjini. Lakini mwulize mwenye chaja kwanza. Chaja kubwa ya gereji, ile ya betri za malori, itaichemsha betri ndogo iliyozibwa usiku mmoja, nayo utaikuta imevimba ubavuni. Kwa betri ya 40, chaja ya ampea 4 inayojizima au kushuka yenyewe yafaa. Iache mpaka ijae kweli, hata kama ni siku nzima na usiku wake.

Betri ikisha kufa usiivunje kutafuta risasi, wala usiwape watoto waichezee, wala usiitupe karibu na kisima au banda la ng'ombe. Risasi ni sumu ya akili za watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya nyumba za watu kutoka 2007 mpaka 2014, na wenyeji waliopatwa na madhara walikwenda mahakamani, wakashinda kesi yao mwaka 2020. Betri kuukuu ikiwa nzima ina bei. Maduka mengi ya betri huzipokea, na huipunguza kidogo bei ya mpya. Ibebe ikiwa imesimama wima, vichwa vyake vimefunikwa kwa kipande cha mpira, na uulize bei katika maduka mawili kabla ya kuiacha.